Siku Fundi Asizoiba

Wapangaji wengi wamepita katika nyumba yangu ya Ngamiani hapa Tanga, na wengi wao nimeshawasahau, wallahi, hata kwa sura siwakumbuki. Mmoja hajatoka kichwani. Jina lake naliweka moyoni. Mtaa mzima ulimwita Fundi, mimi nilimwita mtani, na hayo yatosha. Alizaliwa kijiji gani, baba yake nani, sikumuuliza. Unyamwezi ni kubwa, na mtu aliyeletwa pwani kwa treni angali kijana, aje akate mkonge, hana haja ya kuulizwa ukoo wake na mwanamke muuza vitumbua.

Kitu cha kwanza ulichokijua kwake ni sauti. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge ikatoa singa nyeupe, na korona ina mngurumo wa kumtoa mtu roho. Masikio yake yalikuwa yamekwisha nusu. Kila alichokisema alikisema kwa ukelele wa kumwita mtu aliye upande wa pili wa shamba. Akipita asubuhi kwa Bi Mwanahamisi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akitoa "Shikamoo!" mpaka kuku wanatawanyika.

"Marahaba, mwanangu," bibi wa watu alikuwa akijibu, mkono kifuani. "Lakini mimi siko Korogwe. Niko hapa mbele yako."

Jioni alisali rozari yake chumbani, maana alikuwa Mkatoliki, na nyumba yetu yote ya Waislamu ilisikia neno kwa neno. Mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa akilalamika kwamba sala zile ameshazihifadhi bila kutaka. Na usingizi wake, ajabu ya Mungu, ulitaka kelele. Mvua ikipiga bati kwa nguvu, sote tumekaa macho, yeye ndiye analala fofofo. Kukitulia, utamsikia anajigeuza kitandani mpaka kunakucha.

Alikuja kwangu baada ya shamba lao kuzima mashine. Bei ya mkonge, iliyokuwa juu mpaka kila mtu anayepanda baiskeli Tanga akajiona tajiri, iliporomoka, na mashamba mawili yaliyokuwa jirani yakafanywa moja. Mashamba mawili yalikuwa na korona mbili. Shamba moja lilitaka moja. Yake ndiyo iliyozimwa. Akachukua chumba changu cha mwisho, kile cha uani karibu na jiko, akasema atakaa mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu fundi wa korona hakosi kazi. Alisema hivyo kwa sauti yake ile, na mimi nilimwamini, na nadhani yeye pia alijiamini.

Sasa ni lazima niseme habari ya utani, la sivyo mtaniona mwanamke mwenye kichaa. Mimi ni Mzigua. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu, walipokuwa wakikutana njiani kwenye misafara ya mizigo. Mtani hakasirikiwi. Mtani akikutukana, unacheka. Akichukua kitu chako, ni chake. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja msibani na vituko, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama alivyokuwa akitembea, anawachekesha waliofiwa katikati ya kilio, na hapana anayethubutu kumwambia nyamaza. Siku Fundi aliposema kwao ni Unyamwezi, nilishika kiuno.

"Loo! Nimejiletea mpagazi ndani ya nyumba! Teremsha mzigo, babu, umefika pwani."

"Nimeshateremsha," akapiga kelele. "Na tangu leo wewe ni mke wangu, Mzigua bahili we, ambaye mvua ikinyesha kwenu mnaifungia ndani isiende kwa jirani!"

Ikawa hivyo. Asubuhi nilikuwa nikikaa uani na chuma changu cha vitumbua juu ya makaa, navigeuza na kijiti, vilivyoiva naviweka kwenye sinia pembeni. Fundi alitoka chumbani kwake amevaa, akapita nyuma yangu akijifanya anaangalia mawingu, na mkono ukashuka. Kitumbua cha moto hicho! Anakihamisha huku na huku vidoleni, anakitia mdomoni, machozi yanamtoka kwa moto, na mimi nyuma yake napiga ukelele, "Mwizi! Mwizi huyo! Mkamateni Mnyamwezi!" Watoto wa mtaa wanamkimbilia. Yeye hageuki, anakwenda zake shavu limetuna.

Ningemwekea kwenye sahani asingekula. Nilijaribu siku za mwanzo. Nilimpelekea sahani imefunikwa kawa, jioni nikaikuta mlangoni pangu vilevile ilivyo, na juu ya hayo akanipa ahsante nyingi za kuudhi. Mtu hakuwa na kazi, hakuwa na kitu tumboni, lakini cha kupewa hakitaki. Cha kuiba alikula. Basi nikaanza kulisogeza sinia upande ule anaopitia. Habari ya kodi msiniulize, maana si hiyo ninayoisimulia.

Kutafuta kazi kwake kulikuwa kazi. Alikuwa na kaptula ya kaki na shati lake, alivifua na kuvipiga pasi ya mkaa mpaka vikasimama vyenyewe, soksi ndefu juu ya magoti, na kofia ngumu aliyopewa na mzungu mmoja wa shamba. Aliamka wakati uleule waliokuwa wakiamka shambani, kabla ya jua, akatoka. Bandarini. Karakana ya reli. Ofisi za mashamba. Kiwanda cha sabuni. Makorora walikokuwa wakijenga nyumba. Kila mlango ulikuwa na kibao kimeandikwa HAKUNA KAZI, na watu wengine wakikiona kibao kwa mbali waligeuka. Fundi hakugeuka. Alikwenda mpaka mbele yake, akakisoma kwa sauti, kisha akamuuliza askari wa mlangoni, "Hata ya kufagia?"

Jioni alituletea habari. Sisi wanawake tumekaa uani tunachambua mchele, yeye anasimama katikati na kofia yake.

"Cha bandarini leo wamekipaka rangi upya."

"Rangi gani?"

"Nyeupe. Maandishi meusi. Kimependeza kweli."

Tulicheka mpaka tukafutana machozi. Ukimuuliza hujambo, alijibu, "Niko kwenye foleni." Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Umelala je? Niko kwenye foleni. Umeoa, Fundi? Niko kwenye foleni. Watoto wa mtaa walilichukua, mama zao wakiwaita nyumbani nao wanajibu wako kwenye foleni, wakapigwa makofi kwa ajili yake.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyokutana. Kila kilichoharibika mtaani alikitengeneza, jiko la mafuta, baiskeli, cherehani, kufuli, akikataa malipo na akiudhika ukimlazimisha. Lakini mlango wa chumba chake mwenyewe ulining'inia kwa bawaba moja muda wote aliokaa kwangu. Ramadhani alifunga pamoja nasi, Mkatoliki yule, akasema hawezi kukaa nyumba ya watu wenye njaa akawa yeye peke yake ana njaa bila thawabu. Kijana akija kulia kwake kwamba hana kazi, alimpa moyo kwa maneno matamu, akamnyoshea kola, akamwonyesha jinsi ya kusimama mbele ya karani. Kijana anaondoka kifua mbele. Halafu Fundi anaingia chumbani, na hatumwoni tena.

Ndiyo, kulikuwa na siku hizo. Mwanzoni zilikuwa moja moja. Nilizijua kwa sinia. Akiiba, mzima. Ikiwa nimegeuza vitumbua mpaka unga umekwisha na pembe ile ya sinia bado imejaa, nilijua ameshikwa. Mwenyewe alikuwa na jina la hali hiyo. Alisema, "Mashine imesimama." Na aliposema hivyo alisema taratibu, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, na sauti ile ndogo ilinitisha kuliko kilio.

Watu walikuwa na yao. Wengine walisema ni uvivu, umemwingia baada ya kuzoea kukaa. Wengine walisema amerogwa na fundi mwenzake wa lile shamba jingine, aliyebakiwa na korona. Mpangaji wa mbele alisema ni pepo, na pepo anataka ngoma. Bi Mwanahamisi hakusema kitu, alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani akaandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, akamletea kombe hilo alinywe. Fundi alilinywa lote. Akasema, "Ahsante, bibi," na Bi Mwanahamisi hakumsikia.

Na mimi? Mimi nilikasirika. Nasema kweli. Nilimwona mtu mzima, mikono yake miwili, kichwa chake kizima, amelala anaangalia bati. Nilikuwa nimeachwa na mume, nimebakiwa na nyumba ya mama na chuma cha vitumbua, na sikulala hata siku moja. Nikamwendea siku moja mchana, nikasimama mlangoni pale penye bawaba moja, nikamwambia, "We Mnyamwezi, unaumwa nini? Nionyeshe panapouma."

Alikaa kitako kitandani. Alikuwa mtu wa kujibu swali aliloulizwa.

"Mtani," akasema, "unasikia king'ora cha asubuhi? Kile cha bandarini?"

"Nakisikia."

"Nilipokuwa shambani, king'ora kikilia, kilikuwa kinaniita mimi. Watu mia wanakisikia, lakini mimi najua nisipokuja, korona haiwaki, na korona isipowaka wote wamekaa. Sasa kinalia, nakisikia, na najua hakiniiti. Naamka, navaa, nakwenda. Lakini ndani najiuliza, nimeamka kwa ajili ya nani? Siku nyingine napata jibu. Siku nyingine silipati, na miguu inakataa."

Nikamwambia rudi kwenu basi. Akasema aliondoka kwao kwa nyimbo, mama yake amempakia karanga kwenye kibuyu, sasa arudi na nini, na kofia ya mzungu? Halafu akaniambia anachokitamani. Nilidhani atasema mshahara. Alisema ni harufu. Ule uvundo wa maji ya mkonge yanayotoka chini ya mashine, uvundo unaowafanya watu wa mjini wazibe pua treni ikipita. Alisema akiota ndoto anausikia, na akiamka haupo, analia. "Uvundo, mtani," akasema. "Mtu mzima nalilia uvundo."

Nilitoka pale nikaenda kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa. Na niseme hili, maana nimezeeka na hakuna wa kunicheka ila wajukuu: nilimpenda. Nilimpenda tangu kabla ya siku hiyo, lakini siku hiyo ndipo nilipojua. Lakini ningemwambiaje? Kila siku aliniita mke wangu, kila siku nilimwita mume wangu asiye na faida, mtaa mzima unacheka. Tulikuwa tumeshalitumia kila neno. Ningesimama mbele yake nikasema nakutaka, angeniambia jiunge na foleni.

Ikaja mara moja akakaa ndani siku nyingi. Nilikuwa nikigonga, anasema, "Niache, mtani." Mwishowe hakusema hata hilo. Nguo zake alizozifua mwanzoni mwa juma zilikuwa bado kambani, kaptula, shati, soksi, na kofia imetundikwa juu ya mti wa kamba, jua limeshazichoma. Asubuhi hiyo niligonga, kimya. Nikaweka sikio mlangoni nikasikia anapumua. Basi alikuwa hai, na hakutaka kunijibu. Hasira ikanipanda kutoka miguuni. Nikasema, kumbe mtu huyu ameamua kufa, na mimi ni mtani wake, na kazi ya mtani kwenye msiba inajulikana.

Niliyazima makaa. Nikaweka mikono kichwani, nikasimama katikati ya ua.

"Uuuwi! Uuuwi! Jamani njooni! Fundi amekufa!"

Nilidhani watakuja wawili watatu wa nyumbani, tucheke, tumtoe. Sikufikiri jinsi kilio kinavyokwenda Ngamiani. Kilipita ukuta hadi ukuta, na kabla sijameza mate ua ulikuwa umejaa. Muuza kahawa aliacha mabirika yake njiani. Mafundi seremala walikuja na vumbi la mbao nywele zote, wakiuliza urefu wake. Mmoja alikuwa ameshapanda baiskeli kwenda kumwita padri. Na Bi Mwanahamisi alikuja na mkeka wake kwapani, analia tangu kwake, machozi ya kweli.

"Amekufa saa ngapi, mwanangu?"

"Bado anaendelea, bibi," nikasema. "Amejifungia anakufa kidogo kidogo."

Halafu mtu mmoja akaelewa, akasema, "Huyu ni mtani wake!" na kicheko kikapasuka. Seremala wakanitukana. Lakini hakuna aliyeondoka. Bi Mwanahamisi aliniangalia kwa macho ambayo nikiyakumbuka mpaka leo naona haya, kisha akautandika mkeka wake palepale mbele ya mlango wa Fundi, akakaa.

"Utani au si utani," akasema, "mimi nimeshatoka nyumbani na kilio changu, sikirudishi. Nitalia. Masikio yangu yanakwisha, jamani. Wajukuu wangu wakinisalimu naona midomo tu. Katika mtaa huu mzima ni huyu peke yake anayeniamkia nikamsikia. Sasa yeye akifa, nani ataniamkia?"

Hapo wengine nao wakaanza. Muuza kahawa akasema habari ya baiskeli yake aliyotengenezewa. Mpangaji wa mbele, yule wa kulalamika, akasema nyumba bila zile sala haina usingizi. Kila mmoja alisema lake akiuelekea ule mlango, na mlango haukujibu.

Nikaona wanapoa, na msiba ukipoa umekwisha. Nikaenda kambani nikazivaa nguo zake juu ya kanga zangu. Kaptula, shati, soksi nikazivuta mpaka magotini, kofia nikaitia kichwani ikanifunika macho. Watu wakapiga vigelegele. Nikatembea kama alivyokuwa akitembea, kifua mbele, visigino vikipiga chini. Nikaenda mpaka ukutani kwa jiko, nikasimama kama nimekiona kibao.

"HAKUNA KAZI!" nikasoma, kwa sauti yake ileile. Wakalala chini kwa kicheko. Nikaenda ukuta wa pili. "HAKUNA KAZI! Kimependeza kweli!" Watu hoi, wanashikana mabega. Nikaenda wa tatu. Kila nilikokwenda kifua kilikuwa kinashuka bila mimi kukishusha. Nguo zile, sijui niseme nini, zilikuwa na uzito. Nikafika kwenye mlango wake. Nikausoma kama kibao. Kisha nikamuuliza askari ambaye hayupo, "Hata ya kufagia?"

Hakuna aliyenijibu, maana hakukuwa na wa kunijibu. Nikasimama pale. Nikaliona jambo alilokuwa akisimama mbele yake kila siku, milango yote ile, halafu anakuja jioni kutuchekesha. Nikataka kuuliza tena, sauti ikakataa. Nikaketi chini na kofia yake machoni, nikalia. Nililia kama mwanamke aliyefiwa, na watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakanipigia makofi.

Komeo likavutwa. Fundi akasimama mlangoni na kikoi, ndevu zimeota, mbavu unazihesabu. Aliwaangalia watu, akauangalia mkeka, akaniangalia mimi pale chini.

"Nguo zangu hizo," akasema, sauti ndogo.

"Shikamoo, bibi," akamwambia Bi Mwanahamisi. Bibi akaweka kiganja sikioni. Fundi akavuta pumzi, ukaona inapanda toka tumboni, akasema, "SHIKAMOO!" Kuku wakatawanyika. "MAITI ANATAKA CHAI!"

Ua wote ulilia na kucheka pamoja. Aliketi kwenye mkeka wa matanga yake mwenyewe, akanywa kahawa ya muuza kahawa kikombe baada ya kikombe.

Sisemi alipona. Ugonjwa ule hauendi kwa vigelegele, na ulirudi, na kazi bado haikuwapo. Lakini tangu siku hiyo mlango ukikaa umefungwa muda mrefu, mtu alikuwa akipita akagonga na kusema, "Fundi, tulete mkeka?" na mara nyingine tulisikia kicheko ndani, na mara nyingine hatukusikia. Akaendelea kukisoma kibao. Akaendelea kuiba. Mpaka dereva mmoja wa lori akaleta habari kwamba ng'ambo ya Pangani, upande wa Mwera, kuna shamba linachukua watu.

Aliondoka asubuhi. Niliamka mapema nikakaanga vitumbua vya kwanza vikubwa kuliko vya siku zote, nikavipanga kwenye pembe ile ya sinia, nikageuza mgongo kabisa nikajifanya nachochea moto. Nilisubiri mkono. Nikasikia viatu vinasimama. Akazunguka akaja mbele yangu, kofia mkononi, akanishika mkono kwa adabu.

"Ahsante kwa yote, mama," akasema. "Mungu akuzidishie."

Mama! Hakusema mtani, hakusema Mzigua bahili, hakusema mke wangu. Nikasema safari njema. Alitoka, na sinia lilikuwa limejaa.

Hicho ndicho kilichonikaa. Miaka ilipita, watu walianza kuzungumza mengine, uhuru, mikutano, nchi inabadilika, na mimi kila asubuhi nikigeuza vitumbua najiuliza, yule mtu alikwenda mzima au alikwenda ameshikwa? Hakuiba. Siku asizoiba nazijua maana yake. Niliwauliza madereva, nikaambiwa Mwera ni kubwa. Nikamweka mpangaji mwingine chumba kile, kijana mpole anayesema taratibu, nikamchukia bila kosa. Bi Mwanahamisi alikufa akiwa kiziwi kabisa. Mvua ikipiga bati usiku nilikuwa najiambia, huko aliko analala.

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ile ya hamsini ndipo shangazi yangu alipofariki Mwera. Nikavuka mto kwa pantoni, nikaenda. Tumezika, tumekaa matangani wanawake ndani ya ua wa makuti, nimechoka kulia. Nikasikia nje wanaume wanacheka. Halafu sauti.

"NIMESIKIA MZIGUA AMEFIWA! NIMEKUJA KUDAI URITHI!"

Niliijua kabla sijafikiri. Aliingia, kichwa kimeingia mvi, kofia ileile imepasuka ukingo, amejitanda kanga ya shangazi yangu mabegani. Akajilaza katikati ya mkeka wa wafiwa, akajifunika mpaka usoni. "Mimi maiti wa Ngamiani. Nilikufa siku nyingi, mtani wangu akanizuia. Leteni chai." Binti za shangazi, waliokuwa hawajala tangu jana, walicheka mpaka wakaegemeana.

Alasiri tulikaa kando, nyuma ya jiko. Alikuwa na kazi, si ya korona. Anapaka grisi magurudumu ya vile vigari vya kubebea mkonge. Alisema inatosha, harufu inafika mpaka pale.

"Na ile?" nikamuuliza. "Mashine kusimama?"

"Huja," akasema. "Huja, hukaa, huenda. Nimewaambia majirani zangu wasinisomee kitu, wasinipe pole. Nikikaa ndani sana, wanililie." Akacheka kidogo. Halafu akashusha sauti, na safari hii haikunitisha. "Mtani, siku ile ulianza kwa utani. Mwisho ulilia kweli."

"Nani akulilie wewe? Moshi ulikuwa."

"Moshi gani, na moto ulikuwa umeuzima? Nilikuwa nyuma ya mlango nimeketi chini, sikio kwenye ubao. Mambo ya watu wote niliyasikia, na sikuinuka. Nilikuwa nimeshaamua kutofungua tena. Ulipouliza ile ya kufagia, ukanyamaza, nikasikia unalia. Ndiyo maana nilifungua."

Nilikuwa na neno. Nikamwangalia, naye akanisubiri, nina hakika alinisubiri. Nikasema, "Umenidhulumu vitumbua vyangu vya mwisho. Uliviacha vikapoa." Akatikisa kichwa taratibu, akainuka, akaenda kukaa na wanaume.

Asubuhi yake, kabla ya jua, niliwakaangia wageni vitumbua. Mawazo yangu yalikuwa mbali. Nikainama kupuliza makaa, nikainua kichwa, na pembeni mwa sinia pale mahali pake palikuwa wazi, mafuta bado yanang'aa.

Nikageuka. Alikuwa ameshafika njiani, anakwenda kazini, kifua mbele, visigino vinapiga chini.

"Mwizi!" nikapiga ukelele. "Mwizi huyo! Mkamateni Mnyamwezi!" Watu wakatoka wakicheka. Hakugeuka. Lakini shavu lake nililiona limetuna.